Kuandaa Gari kwa Ukaguzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa gereji karibu kila siku, na huongezeka cheti kinapokaribia kuisha. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mteja aliyesimama mbele yangu. Viwango vinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo pale ninapotaja tarakimu nasema zinatumika wapi. Za kwako zitafute kwenye mwongozo wa mamlaka inayotoa cheti. Ila mkaguzi popote alipo anataka kujua mambo manne: gari linasimama, linaona na kuonekana, linafuata usukani, na halimwagi sumu hewani.

Nianze maandalizi lini?

Wiki tatu au nne kabla ya tarehe. Anayekuja siku mbili kabla, hata akigundua tatizo, hana muda wa kulitengeneza sawasawa. Kipuri kinaweza kuchelewa, na kazi nyingine hufuatana: ukibadilisha tairodi (fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu) lazima ufanye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, na ukifika kwenye alaimenti ndipo unagundua kwamba hata bushi, zile raba za viungo vya miguu ya gari, zimelegea. Kompyuta ya gari nayo inahitaji siku kadhaa za kuendeshwa baada ya matengenezo, jambo nitakalolieleza mbele. Ulizia pia kama kwenu inaruhusiwa kukagua mapema bila kupoteza siku zilizobaki. Uingereza, kwa mfano, ukipeleka gari ndani ya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, tarehe yako ya kila mwaka inabaki ileile.

Mkaguzi anaangalia nini hasa, na nini haangalii?

Kwa kawaida anaanza na utambulisho: namba za usajili na namba ya chesisi zilingane na kadi ya gari. Kisha taa, honi, vioo, wipa, mikanda na milango. Baada ya hapo gari linapanda kwenye roli za kupimia breki, linaingia kwenye shimo au linainuliwa kwa lifti ili aone uvungu, halafu mrija wa kipimo cha moshi unaingizwa kwenye eksozi. Mpangilio unaweza kubadilika, lakini vitu ni hivyo.

Asichokiangalia nacho ukijue. Hapimi klachi imebaki kiasi gani, hafungui giaboksi, haulizi oili ya injini ilibadilishwa lini wala mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, una umri gani. Anatumia macho, mikono, tochi na mashine, spana haishiki. Kwa hiyo gari linaweza kupita leo na mkanda wa taimingi ukakatika wiki ijayo. Cheti hakichukui nafasi ya sevisi.

Naweza kulikagua mwenyewe kabla ya kulipeleka?

Unaweza, na natamani kila mwenye gari angefanya hivyo. Simamisha gari mahali tambarare, mwite mtu mmoja akusaidie, chukua tochi na kitambaa. Mwenzako akae kwenye usukani, wewe zunguka gari. Awashe taa ndogo, kubwa, za chini, indiketa za pande zote mbili, hazadi, taa ya rivasi, kisha akanyage breki nawe uwe nyuma. Hesabu taa za breki: kushoto, kulia, na ile ya tatu ya katikati ambayo wengi hawaikumbuki. Usisahau taa ya kibati cha namba. Uingereza, taa ni miongoni mwa sababu kuu za magari kufeli, na nyingi ni globu tu iliyoungua. Inauma kuona mtu anarudishwa kwa kitu ambacho angekimaliza kwa dakika tano uani kwake.

Piga honi. Mwaga maji ya wipa, wipa zifute bila kuacha michirizi. Fungua kila mlango kwa ndani na kwa nje. Kisha njoo kwenye matairi.

Nitajuaje kama tairi limekwisha?

Nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zinataka kina cha kashata, yaani michoro ya mpira inayokanyaga barabara, kisipungue milimita 1.6. Tairi jipya la gari dogo huwa na takriban milimita 8. Huhitaji kifaa cha kupimia: ndani ya mifereji mikubwa ya tairi pana vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani kwa kimo hichohicho cha milimita 1.6. Ubavuni utaona herufi TWI au pembetatu ndogo inayoelekeza vilipo. Kashata ikiwa sawa na kinundu, tairi limekwisha kisheria. Ushauri wangu ni kutosubiri hapo. Likishuka chini ya milimita 3 uwezo wake wa kusukuma maji pembeni hupungua sana, na barabara ikilowa gari linaanza kuteleza juu ya maji.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kata usukani mpaka mwisho, chuchumaa, umulike ukingo wa ndani wa tairi la mbele. Hapa ndipo watu wanashtuka. Upande wa nje tairi lina kashata nzuri, lakini ule wa ndani umelika ukawa laini, na pembeni kabisa nyuzi nyembamba za chuma zinachungulia, zimeanza kushika kutu. Tairi hilo halipiti popote, na halifai kwenda safari hata ya karibu. Limeliwa hivyo kwa sababu alaimenti imepotea au bushi zimechoka. Ukinunua jipya bila kutengeneza chanzo, litaliwa vilevile.

Namna tairi lilivyolika inakueleza mengi. Likilika katikati, lilikuwa linajazwa upepo kupita kiasi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiwa na mabonde na vilima ukilipapasa, angalia shokapu na balansi. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Hilo halizibwi, linatupwa.

Umri nao una uzito. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata tele lakini mpira umekauka na kupasukapasuka. Halafu hakikisha matairi mawili ya ekseli moja, yaani mawili ya mbele au mawili ya nyuma, yana saizi moja na aina moja. Kuchanganya kunaangusha magari mengi bila sababu ya maana.

Upepo nijaze kiasi gani?

Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tanki. Ile namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu cha tairi, usiijaze hiyo. Pima matairi yakiwa ya baridi.

Je, niazime matairi mazuri kwa siku ya ukaguzi?

Hapana. Najua linafanyika, na najua matairi ni ghali. Lakini baada ya ukaguzi gari linarudi kwenye matairi yaleyale kipara, na barabarani kuna watu wengine. Kama uwezo haupo wa kununua manne, nunua mawili ya ekseli moja kwanza na uyafunge nyuma hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Mawili yatakayobaki mbele ni lazima nayo yawe juu ya kiwango cha sheria. Yakiwa kipara, hapo hakuna ujanja, ni manne.

Breki zinapimwaje, na kwa nini gari linalosimama vizuri barabarani linafeli kwenye roli?

Magurudumu mawili ya ekseli moja yanakaa juu ya roli, mashine inayazungusha, unakanyaga breki taratibu, nayo inasoma nguvu ya kila gurudumu peke yake. Inatafuta vitu viwili: jumla ya nguvu ikilinganishwa na uzito wa gari, na tofauti ya kushoto na kulia. Umoja wa Ulaya unataka breki ya mguu ya gari dogo ifikie asilimia 58 kwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza baada ya 1 Januari 2012, na asilimia 50 kwa ya zamani zaidi. Gurudumu dhaifu nalo lisipungue asilimia 70 ya lile lenye nguvu kwenye ekseli hiyohiyo.

Hiyo tofauti ya pande mbili ndiyo inayowashangaza wenye magari. Barabarani magurudumu manne yanasaidiana na wewe unarekebisha kwa usukani bila hata kujua. Kwenye roli kila gurudumu linajibu peke yake. Sababu za kawaida ni pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye disiki) zilizokauka grisi, pistoni iliyoganda, mpira unaopitisha mafuta ya breki uliovimba ndani, au oili iliyovuja ikalowesha lainingi, yaani pedi za breki za ngoma, za upande mmoja.

Unaweza kuigundua mapema. Endesha kilomita kadhaa kwenye barabara nyoofu bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, breki yake imeshika haiachii. Ukikanyaga gari likavuta upande, ujumbe ni huohuo. Pedali ikitetemeka chini ya mguu, mara nyingi unene wa disiki hauko sawa. Pedali ikizama polepole huku umeikandamiza, kuna mvujo au masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali, imechoka, na gari hilo lisiondoke hapo lilipo mpaka litengenezwe.

Basta ya breki, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako, ijaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukandamizwa, halafu washa injini. Inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, basta au mpira wake wa upepo una kasoro.

Pedi zikifika milimita 3 zibadilishe, na siku zote badilisha pande zote mbili za ekseli. Usifunge pedi mpya asubuhi ya ukaguzi. Zinahitaji kuzoeana na disiki kwa kuendesha taratibu kilomita mia mbili au zaidi, la sivyo roli zitasoma nguvu ndogo kuliko ile utakayokuwa nayo wiki mbili baadaye. Na kama gari lilikuwa limeegeshwa muda mrefu disiki zikashika kutu, liendeshe na kukanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa, mahali salama, ili zisafike.

Mafuta ya breki yamepungua. Niongeze tu?

Kwanza jiulize yamekwenda wapi. Pedi zinapolika pistoni zinatoka nje na mafuta yanashuka kwenye kopo. Hiyo ni kawaida, nayo inakukumbusha uangalie pedi. Kama pedi ni nene na mafuta yameshuka, tafuta mvujo: nyuma ya magurudumu, kwenye viungo vya paipu, chini ya masta silinda.

DOT 3 na DOT 4, aina za mafuta ya breki, hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka mpaka 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka mpaka 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu hutoa mapovu, na pedali inakwenda mpaka chini bila gari kusimama. Badilisha yote kila miaka miwili hivi. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo.

Handibreki inashika lakini naivuta mpaka juu kabisa. Itapita?

Ina hatari ya kufeli. Ulaya inataka angalau asilimia 16 ya uzito. Fundi aanze kurekebisha breki za nyuma zenyewe ndipo aje kwenye kebo. Kukaza kebo peke yake huku lainingi zimelika kunaficha tatizo kwa muda mfupi na kunaweza kuacha magurudumu ya nyuma yakiburuza.

Taa za mbele zimekuwa za njano. Nifanyeje?

Kava za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, na jua ndilo linaloziunguza. Zisafishe kwa msasa laini wa maji kwa hatua, kisha polishi, na umalizie kwa dawa ya kukinga miale ya jua. Dawa ya meno inaleta mng'ao kidogo, lakini bila kinga ya jua unjano unarudi mapema. Kama unjano au maji yako ndani ya taa, kusugua nje hakusaidii.

Mwelekeo wa mwanga ni suala jingine. Taa iliyopinda juu inampofusha anayekuja mbele yako, iliyopinda chini inakupofusha wewe. Isimamishe gari mbele ya ukuta, washa taa za chini, ulinganishe kushoto na kulia: mstari wa juu wa mwanga uwe kimo kimoja. Kurekebisha kwa uhakika ni kazi ya mashine. Jihadhari na gari lililotoka nchi ambako watu huendesha upande mwingine wa barabara, kwani taa zake zimetengenezwa kurusha mwanga pembeni, na pembeni huko kwako ndiko magari yanakotokea. Hizo hazirekebishiki kwa skrubu, zinabadilishwa.

Nikifunga globu za LED zinazong'aa zaidi?

Kioo na bakuli la taa vimechorwa kwa ajili ya waya mdogo wa globu ya halojeni, mahali pake kamili. Ukiweka chanzo kingine cha mwanga chenye umbo tofauti, mwanga unatawanyika. Nchi nyingi zinakataa mabadiliko hayo. Rudisha halojeni, na unapoifunga usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi hutengeneza doa la joto na globu inakufa mapema.

Indiketa inapepesa haraka haraka upande mmoja.

Globu moja ya upande huo imeungua. Kanuni za kimataifa zinataka mipepeso 60 hadi 120 kwa dakika.

Kioo cha mbele kina ufa. Ni lazima nibadilishe?

Inategemea ufa uko wapi na una ukubwa gani. Uingereza, dosari inayozidi milimita 10 mbele ya macho ya dereva inaangusha gari, na sehemu nyingine zinazofagiwa na wipa kikomo ni milimita 40. Tundu dogo la jiwe linaweza kuzibwa kwa gundi maalumu, ukiwahi kabla vumbi na maji havijaingia. Ukichelewa, baridi na joto vinaufanya ufa utembee, na siku hiyo ni kioo kizima.

Plastiki nyeusi ya tinti kwenye kioo cha mbele na vya milango ya mbele nayo ina kikomo. Huko huko Uingereza, kwa magari mengi, kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, vya pembeni mbele asilimia 70.

Chini ya gari kuna nini cha kuogopa?

Usukani na miguu ya gari, kwa sababu hapo hitilafu ikitokea hakuna nafasi ya pili. Sauti ndizo zinazotangulia. Gongo la kukauka kila ukipita kwenye shimo mara nyingi ni stabilaiza linki au bushi. Mlio wa taka-taka-taka ukikata kona ni CV jointi. Mvumo unaopanda na mwendo ni beringi ya gurudumu au tairi lililolika vibaya.

Ukitaka kuhakikisha, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, weka stendi, na magurudumu mengine yazuie kwa mawe au magogo. Usiingie uvunguni gari likishikiliwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kisha utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu kwenye mguu wa gari. Sasa shika kushoto na kulia: mchezo hapo unaelekeza kwenye tairodi au kwenye boksi la usukani.

Mulika pia mipira inayofunika boljointi, tairodi na CV jointi. Utaona mpira uliopasuka kwa mduara wa grisi nyeusi iliyorushwa ndani ya rimu na kwenye shokapu. Jointi yenyewe inaweza kuwa bado imara, lakini mchanga umeshaingia ndani. Mkaguzi wa nchi nyingi ataandika kasoro hata kabla jointi haijaanza kulegea. Kuwahi kubadilisha mpira pekee ni rahisi sana ukilinganisha na kubadilisha ekseli nzima.

Shokapu: bonyeza kona ya gari kwa uzito wako na uachie. Inatakiwa ipande na kutulia. Ikiendelea kudunda, au ukiona oili inatiririka kwenye mwili wa shokapu, imekwisha. Zibadilishwe mbili mbili.

Gari linavuja oili kidogo. Ni tatizo?

Unyevu tu mara nyingi hausumbui. Tone linaloanguka chini linasumbua, na mvujo wa petroli au dizeli hauvumiliwi popote. Safisha injini na uvungu siku kadhaa kabla, endesha, kisha chungulia tena. Hapo ndipo utaona mvujo unatoka wapi hasa.

Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Nikaifute kwa mashine asubuhi ya ukaguzi?

Hilo linawaponza wengi. Kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani, na ya petroli kuanzia 2001 Ulaya, kompyuta ya gari ina mfumo wa OBD unaojipima wenyewe: katalitiki konveta (kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi), sensa za oksijeni, mivuke ya tanki, na mengineyo. Ukifuta hitilafu, unafuta pia matokeo ya vipimo hivyo. Panapokaguliwa kwa OBD, mashine itaonyesha kwamba vipimo havijakamilika na gari litarudishwa. Katika ukaguzi wa namna hiyo Marekani, gari la 2001 na kuendelea kwa kawaida huruhusiwa kipimo kimoja tu kisichokamilika.

Tengeneza chanzo, ufute, kisha uliendeshe siku kadhaa kwa mchanganyiko: kuwasha asubuhi injini ikiwa ya baridi, foleni, na mwendo wa kutulia kwenye barabara kuu. Usitoe betri wiki ya ukaguzi, maana kwa magari mengi kutoa betri ni sawa na kufuta.

Na taa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki) na eabegi? Zinatakiwa ziwake ukifungua swichi, kisha zizimike. Fundi aliyeziba au kutoa globu ya taa ya tahadhari amekuharibia, kwa sababu mkaguzi anatazama kama ziliwaka kwanza.

Nifanye nini ili gari lipite kipimo cha moshi?

Anza kwa kuutazama moshi wenyewe. Wa bluu ni oili inaungua ndani ya silinda: ringi za pistoni, sili za valvu, au taabo. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, kwa hiyo tazama chujio cha hewa, nozeli na sensa. Mweupe mzito unaoendelea injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaashiria gasketi ya silinda hedi. Mvuke mwepesi wa asubuhi hauna neno.

Gari la petroli lenye katalitiki konveta hupimwa hewa ya kaboni monoksaidi na mabaki ya mafuta. Kiwango kinachotumika Ulaya kwa magari mengi ya aina hiyo ni kaboni monoksaidi isiyozidi asilimia 0.2 injini ikizunguka kasi, na lambda, yaani uwiano wa hewa na mafuta, kati ya 0.97 na 1.03. Kaboni monoksaidi ikizidi, sensa ya oksijeni na konveta ndizo za kuchunguza. Mabaki ya mafuta yakizidi, injini inamisi: angalia plagi, koili na nozeli. Lambda ikipanda juu, tafuta kwanza tundu kwenye eksozi, kwa sababu hewa ya nje inaingia na kudanganya kipimo. Ziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache injini ikiwa ya baridi. Ukisikia mlio wa hewa ikitoka mahali pengine, umelipata tundu.

Konveta inaanza kazi ikishafika kama nyuzi 250 hadi 300. Gari likipelekwa baridi linaweza kufeli hata kama ni zima. Liendeshe dakika ishirini au zaidi kabla, na foleni ikiwa ndefu usizime injini muda mrefu. Kabla ya zamu yako ipandishe mzunguko kidogo kwa dakika mbili tatu.

Dizeli hupimwa wingi wa moshi kwa kukanyaga mafuta ghafla mpaka mwisho. Kabla ya hapo mkanda wa taimingi uwe mzima na oili iwe ya kutosha, kwani injini iliyochoka inaweza kuvunjika kwenye kipimo hicho. Safari ya barabara kuu kwa mwendo wa kutulia siku moja kabla inasaidia kuondoa masizi. Dawa za kumimina kwenye tanki zinaweza kusafisha nozeli kidogo. Hazifufui konveta iliyokufa.

Kutu inaangusha gari?

Kutu ya bodi juujuu, kwa kawaida hapana. Kutu ya chesisi, ya vizingiti vya chini ya milango, au karibu na mahali mikanda na miguu ya gari inapofungwa, ndiyo. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na pengine kinatoboka. Kikatwe na kuchomelewa chuma kipya. Kupaka puti na rangi nyeusi juu yake ni kumficha dereva hatari aliyoikalia.

Mikanda ya usalama?

Vuta kila mkanda mpaka mwisho utazame kama umechanika, uachie ujirudishe, kisha uvute ghafla: lazima ujifunge. Kifungo chake kishike na kiachie vizuri. Ya nyuma pia.

Gari la umeme au haibridi lina ukaguzi mwepesi?

Moshi haupo kwa la umeme, lakini breki zake zina tabia yake: mota inalipunguza mwendo, disiki hazifanyi kazi nyingi, zinashika kutu. Zikaguliwe vizuri. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa; usiziguse wala usiache fundi asiyesomea azifungue.

Nyaraka gani zinawakwamisha watu?

Namba ya chesisi hasa. Kwa magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 ina herufi na tarakimu 17, na haina I, O wala Q. Itafute kwenye bodi kabla ya siku, ifute vumbi, ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Kama injini au rangi ilibadilishwa, sajili mabadiliko kwanza.

Nimeambiwa kuna mtu wa kunipatia cheti bila gari kwenda.

Kataa. Unanunua karatasi, na breki zinabaki zilivyo. Watoto wako ndio wanaopanda gari hilo.

Siku yenyewe nifanye nini?

Osha gari, hasa taa, vibati vya namba na uvungu. Toa mizigo kwenye buti na kwenye viti ili mikanda ifikike. Weka mafuta ya kutosha. Pima upepo. Kama sheria yenu inadai kizima moto na pembetatu za kuakisi, viwe mahali panapoonekana. Wili kapu zinazoficha nati zinaweza kutakiwa kutolewa. Fika gari likiwa la moto.

Limefeli. Sasa?

Omba karatasi iliyoandikwa kila kasoro, na muulize mkaguzi akuonyeshe kwa mkono. Wengi wanakubali ukiuliza kwa adabu. Ulaya na Uingereza kasoro zimegawanywa: ndogo, kubwa na hatari. Ya hatari ina maana gari halirudi barabarani kwa magurudumu yake, linabebwa mpaka litengenezwe. Ulizia muda wa kurudia kukaguliwa, maana vituo vingi hukagua tena zile kasoro tu ukirudi mapema. Mpe fundi karatasi yenyewe, usimsimulie kwa mdomo.

Limepita, lakini kuna mambo yameandikwa kuwa ni ya kuangaliwa.

Hizo ni sehemu zilizokaribia kikomo: pedi nyembamba, bushi iliyoanza kupasuka, tairi la milimita 2. Ziandike pamoja na kilomita za siku hiyo. Tairi na breki zitazame tena baada ya miezi miwili au mitatu, bushi kwenye sevisi ijayo, na karatasi ikae ndani ya gari ili fundi yeyote atakayelifungua aanzie hapo.